Civita di Bagnoregio, Mji Alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura

Civita di Bagnoregio ni mji mdogo wa kilimani katika mkoa wa Viterbo, kaskazini ya Roma, nchini Italia. Ndiko alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, tunayemwadhimisha kila tarehe 15 Julai.

Historia

Mji huu ulianzishwa na Waetruski yapata miaka 2,500 iliyopita. Umekaa juu ya mwamba laini uliotokana na volkano, na chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito vinapoumomonyoa udongo huo, mwamba hukosa egemeo, na kingo zake huporomoka bondeni. Tetemeko la ardhi la mwaka 1695 lilibomoa nyumba nyingi na kuharibu njia ya kuingilia. Wakazi wengi wakahamia Bagnoregio, ng’ambo ya bonde, na kiti cha askofu kikahamishiwa huko baadaye. Leo Civita hufikiwa kwa daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965, na wakazi wake wa kudumu ni wachache mno.

Makanisa

Katika uwanja wa mji lipo kanisa la Mtakatifu Donato, lililokuwa kanisa kuu la jimbo. Humo hutunzwa sanamu ya mti ya Bwana Msulubiwa, ya karne ya 15. Siku ya Ijumaa Kuu sanamu hiyo huchukuliwa kwa maandamano hadi Bagnoregio, kisha hurejeshwa. Wenyeji husimulia kwamba isiporudi kabla ya usiku wa manane, itakuwa mali ya Bagnoregio.

Huko Bagnoregio, kanisa la Mtakatifu Nikola linahifadhi masalia ya mkono wa Mtakatifu Bonaventura. Masalia hayo yana thamani ya pekee, kwani mwili wake uliozikwa Lyon uliteketezwa mwaka 1562, wakati wa vita vya dini nchini Ufaransa.

Wenyeji mashuhuri

Bonaventura, aliyeitwa kwanza Giovanni, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13. Yeye mwenyewe aliandika kwamba utotoni aliokolewa katika kifo kwa maombezi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Alisoma Paris, na mwaka 1257 akawa Mkuu wa Shirika la Ndugu Wadogo. Mwaka 1273 aliteuliwa kuwa Kardinali, akafariki tarehe 15 Julai 1274 wakati wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Lyon. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1482 na Papa Sisto IV, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1588 na Papa Sisto V.

Mwenyeji mwingine wa Bagnoregio ni mwandishi Bonaventura Tecchi (1896–1968), aliyeeneza jina la Civita kama “mji unaokufa”.

Papa Benedikto XVI, aliyekuwa amechunguza teolojia ya Bonaventura tangu ujana wake wa kipadre, aliitembelea Bagnoregio tarehe 6 Septemba 2009.

Fundisho kwetu

Nyumba inayosemekana kuwa ya wazazi wa Bonaventura imekwisha poromoka bondeni, lakini maandishi yake juu ya safari ya nafsi kumwelekea Mungu yangali yakisomwa. Tunapochangia matofali na mabati ya makanisa yetu, tusisahau kuwalea watoto wetu katika imani, kwa maana hao ndio jengo litakalodumu.