Kukunja Sauti: Istilahi na Mizani Yake

Fundi anayechanganya sauti za filamu katika studio kubwa huzipanga katika njia sita: kushoto mbele, kati, kulia mbele, kushoto nyuma, kulia nyuma, na ya sita ni ya mngurumo mzito ambao kwetu huachiwa sabufa, na maneno ya waigizaji, aghalabu, huyaweka katika njia ya kati. Lakini msikilizaji wa Kwedizinga, baina ya Handeni na Korogwe, ana spika mbili, au ana ile moja tu iliyomo ndani ya runinga yake. Kwa hiyo hapana budi njia sita zirudi kuwa mbili kabla sauti haijamfikia. Kazi hiyo ndiyo ninayoitafutia jina, kwa maana jina lisilosadifu humpotosha fundi kabla hajagusa mtambo.

Jioni moja, katika kibanda umiza cha huko, niliketi benchi la nyuma kando ya mzee mmoja. Katika filamu bastola zililia, magari yakanguruma, muziki ukapanda. Ila watu waliponena, midomo ilicheza na neno halikusikika. Mzee akamwita mwenye kibanda: “Mwanangu, mbona hawa hawasemi?” Kijana akajibu, “Samahani, babu,” akaongeza sauti, na muziki ukazidi kututia uziwi. Hatimaye akafungua menyu ya deki, akaondoa chaguo la njia sita na kuweka stirio, na papo hapo maneno yakasikika. Deki ile ilikuwa ikitoa sauti kwa matundu sita, na waya zilichomekwa katika mawili tu, la kushoto na la kulia. Njia ya kati, yenye mazungumzo yote, ilikuwa ikipotea bure.

Tangu Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, king'amuzi kimekuwa chombo cha kawaida nyumbani, na matangazo ya dijitali yana uwezo wa kubeba njia zote sita. Kosa la kibanda kimoja huwadhuru watu thelathini. Kosa hilohilo likitendeka kituoni huwafikia maelfu kwa dakika moja.

Sasa jina. Mwenye kufasiri neno kwa neno istilahi ya Kiingereza, downmix, angesema “mchanganyo wa kushusha”. Lakini kushusha sauti, kwa kila Mswahili mwenye redio, ni kuipunguza, ilhali hatari ya kazi hii ni kinyume chake, yaani sauti kuzidi. “Kujumlisha” kunaeleza ongezeko, lakini hakusemi kwamba kilichokuwa kipana kimefanywa chembamba. Mimi nachagua kukunja, na tokeo lake mkunjo. Mkeka ukikunjwa haupotezi hata ukindu mmoja. Eneo lake hupungua, na unene wake huongezeka. Ndivyo ilivyo sauti, na neno lenyewe linamwonya fundi.

Unene huo hupimika. Kwa mujibu wa pendekezo BS.775 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, spika ya kushoto hupewa njia ya kushoto kamili, kisha njia ya kati na ya kushoto nyuma, kila moja kwa kipimo cha 0.707, ambacho ni desibeli 3 chini, yaani nusu ya nguvu yake. Kulia vivyo hivyo, na njia ya mngurumo aghalabu huachwa. Njia hizo tatu zikifikia kilele kwa pamoja, jumla ni 2.414, yaani desibeli zipatazo 7.7 juu ya kikomo. Na katika dijitali sauti inayopita kikomo hukatwa kichwa, msikilizaji akasikia mkwaruzo. Fundi akipunguza vyote kwa desibeli 7.7 atasalimika na mkwaruzo, lakini kipindi kitafifia, na tangazo la biashara likiingia litawagutusha waliolala. Ndiyo sababu kilele na ukubwa wa sauti ni istilahi mbili zisizofaa kuchanganywa: umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, katika kanuni yake R 128 ya mwaka 2010, uliweka ukubwa wa wastani wa kipindi kuwa LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya kikomo, na kilele kisikaribie kikomo hicho kwa chini ya desibeli 1.

Basi nawasihi mafundi mitambo wetu: msikipime kipindi kikiwa kimetandazwa tu. Kikunjeni, kipimeni kikiwa katika mkunjo, kisha kisikilizeni kwa spika moja ndogo, kwa kuwa humo mawimbi yanayopingana hufutana na kasoro hujidhihirisha. Neno la mwigizaji likisikika hapo, litasikika na Kwedizinga.