Ukuta na Maradhi

Gereza hujengwa ili mtu aliyemo asitoke. Maradhi hayakupewa amri hiyo. Huingia usiku pamoja na mahabusu mpya, hulala naye mkekani, hutoka na askari arudipo kwake jioni, na siku ya kufunguliwa mfungwa huandamana naye mpaka kijijini kwao. Jambo hili lilijulikana zamani katika nchi za mbali. Mwaka 1577 katika mji wa Oxford, Uingereza, wafungwa waliletwa mbele ya baraza la hukumu, na baada ya siku chache mahakimu, wazee wa baraza na mamia ya watu wengine walikufa kwa homa ya gerezani. Mwaka 1750 mambo hayo yalitokea tena London, na Meya wa mji akawa miongoni mwa waliokufa. Hukumu iliyokuwa ikitolewa kwa mshitakiwa iliwarudia waliokuwa wakiitoa.

Katika nchi ya Mara somo hili lilianzia upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi katika pwani za ziwa la Viktoria. Mwaka 1906 daktari Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika katika visiwa vya Ssese kuuchunguza ugonjwa huo. Serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za wagonjwa kandokando ya ziwa, na mojawapo ilikuwa Shirati, mahali palipohesabiwa katika wilaya ya Tarime mpaka wilaya ya Rorya ilipokatwa mwaka 2007. Katika kambi za namna hii wagonjwa walikusanywa wakadungwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya arseniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Haishangazi kwamba wengi walitoroka, na jamaa zao wakawaficha. Mgonjwa alifanywa mfungwa ingawa hakuvunja sheria yoyote; naye, kama mfungwa yeyote, alitafuta mwanya. Tiba iliyotegemea kushika watu ilipoteza watu iliotaka kuwaponya.

Utawala wa Kiingereza ulipofuata, Idara ya Magereza ilitengwa na Polisi mwaka 1931, na baada ya uhuru Bunge lilitunga Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Wilaya ya Tarime ina gereza lake, na wilaya ya Serengeti ina la Mugumu. Wanaoingia humo ni watu wa nchi yenyewe: kijana aliyeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe, mtu aliyekamatwa katika ugomvi wa koo, mwindaji aliyeonekana ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, mchukuzi wa bangi, mtafutaji wa mawe ya dhahabu huko Nyamongo. Wengi wao wana mke, boma na mifugo inayowangoja. Kwa hiyo gereza la wilaya si kisiwa. Ni chumba kimoja katika nyumba kubwa, na moshi wa chumba hicho hujaza nyumba nzima.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari wa Kicheki. Styblo aliujua ugonjwa huu kabla ya kuusomea, kwa kuwa aliupata akiwa kijana katika kambi ya Mauthausen, alikofungwa na Wanazi. Njia aliyoijenga Tanzania haikuwa na makuu: makohozi yapimwe kwa hadubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtumishi wa afya, dawa zisikatike, na kila aliyeanza aandikwe mpaka mwisho wake ujulikane. Tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja au zaidi ilipunguzwa ikawa miezi minane. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliipokea njia hiyo na kuieneza katika nchi nyingi. Shirati mgonjwa alilindwa asitoroke. Katika mpango huu kilicholindwa kilikuwa dawa, isikatike.

Gerezani kanuni hiyo hupata mtihani wake mkali. Hewa ya chumba kilichojaa hurudiwa na mapafu ya wote, na kikohozi cha mmoja ni cha kila mtu. Anayeingia hana budi kupimwa kabla ya kuchanganywa na wenzake. Anayekohoa atengwe kwa tiba, wala kutengwa kusiwe adhabu. Kipindupindu, kama kile kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoa mingi ya bara, hutaka maji safi, vyoo na sabuni kuliko kufuli. Na anayefunguliwa katikati ya tiba lazima jina lake litangulie kufika katika zahanati ya kwao. Hapo ndipo kazi huharibika kwa urahisi, maana magereza yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na zahanati ziko chini ya mamlaka nyingine. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, zinataka tiba ya mfungwa ilingane na ya raia na iungane nayo.

Yuko atakayeuliza kwa nini mwizi wa ng'ombe apewe dawa ambayo mkulima mwaminifu huikosa. Swali hilo lina uchungu wa kweli, nalo halifai kudharauliwa. Lakini jibu lake limo katika habari ya Oxford: mkulima hulindwa pale mwizi anapotibiwa. Tena wengi waliomo ni mahabusu ambao sheria bado inawahesabu kuwa hawana hatia. Hakimu humnyima mtu uhuru wake kwa miaka aliyoitaja. Hakuna hakimu aliyewahi kutamka kifua kikuu.

Msongamano basi ndio mzizi. Desemba 9, 2019 Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akawasamehe 5,001. Msamaha hupunguza maji ya mtungi, lakini bomba likiachwa wazi mtungi hujaa tena. Dhamana itolewayo kwa wakati, kesi isikizwayo upesi, na adhabu ya kutumikia jamii iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, hizo nazo ni dawa, ingawa hazitunzwi katika kabati la mganga.