Meno Sita ya Dani

Stima ilikuwa imepotea Kombewa, na mimi nilikuwa nimejigeuza profesa. Binamu yangu ameomba kusomea udaktari wa meno Uingereza. Kule alama nzuri hazitoshi. Wanakuita kwa mahojiano, wanakupa kisa, wanasikiliza vile unafikiria. Nikamsomea kimoja kutoka kwa simu: mtoto wa miaka 13 ana jino ambalo daktari anataka kung'oa. Mama anasema ng'oa. Mtoto anasema hapana. Utafanyaje?

"Namheshimu mgonjwa," akajibu mbio mbio, kama mtu aliyekariri.

Dani alikuwa kando akichambua omena. "Mimi sikuulizwa," akasema, akacheka, pengo likaonekana.

Hilo pengo lina historia. Kwa Wajaluo wa zamani, kung'olewa meno sita ya mbele ya chini, yaani nago, ndiko kulikomtoa mtoto utotoni, wavulana kwa wasichana. Fundi wa kazi hiyo aliitwa janak, na chombo chake kilikuwa chuma bapa. Ganzi hakuna. Kulia ni aibu. Ukiuliza kwa nini, wazee watakupa sababu mbili: tujulikane sisi ni nani, na pepopunda. Taya likikaza, uji na dawa zipite pale pengoni. Hiyo sababu ya pili huwa inanisumbua, kwa sababu si ujinga. Kabla ya chanjo ya pepopunda, mzazi aliyempeleka mwanawe kwa janak alikuwa anapima maumivu ya leo na kifo cha kesho. Ni swali lile lile la mahojiano, ila bila koti jeupe.

Kisha zikaja shule na makanisa. Maseno, hapo jirani, ilianzishwa 1906, na polepole kijana wa shule akawa ndiye mwenye meno kamili. Dani hakupelekwa shule.

Waingereza wenyewe walichelewa kumsikiza mtoto. Ni mwaka 1985, katika kesi ya Gillick, ndipo majaji wao wakuu waliposema kwamba mtoto chini ya miaka 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe, mradi anaelewa vizuri anachokubali. Na kukataa je? Hapo mahakama zao zilirudi nyuma baadaye: mzazi au jaji anaweza kukubali kwa niaba yake. Kwa hivyo jibu la binamu lilikuwa fupi mno. Jino linauma sasa, ama linaweza kungoja? Mtoto anaogopa sindano, ama ana sababu yake? Kuna njia nyingine? Si uongee naye kwanza, mama akiwa nje kidogo?

Huku kwetu hakuna anayekuuliza haya mlangoni. University of Nairobi inafundisha udaktari wa meno tangu 1974, na kinachokuingiza ni alama za KCSE. Mimi mwenyewe niliingia chuo kwa alama tu, nikatoka mwaka wa pili, kwa hivyo sijiiti hakimu.

Lakini Kombewa imewahi kuulizwa. Kati ya 2009 na 2014, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vitatu vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya, na hapa. Mzazi alielezwa, kisha akatia sahihi. Asiyejua kuandika alitia kidole mbele ya shahidi. Angeweza kumtoa mtoto siku yoyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo.

Binamu alikuwa mmoja wa wale watoto. Alikuwa bado hajatembea.

"Mamako alikaa na ile karatasi siku tatu," dani akamwambia. "Alinisomea yote. Nikamuuliza, na ukikataa, watakasirika? Akasema hapana. Ndipo nikamwambia aende."

Binamu alinyamaza, akiangalia mkono wake wa kushoto kana kwamba alama ya sindano bado iko. Halafu akaomba nimsomee kile kisa upya. Safari hii alianza kwa kuuliza mtoto anaitwa nani, na kama jino linamuuma usiku.

Mahojiano ni Alhamisi, kwa video. Tutashuka Kisumu asubuhi, maana netiwaki ya huku si ya kuaminika.