Sabufa Haijafa, Imenyimwa Kazi: Mafundi wa Kilwa na Risiva za Mtumba

Leo ukisema "sabufa" Kilwa Masoko, Nangurukuru au Lindi mjini, mtu anaelewa redio nzima: boksi kubwa la chini, spika zake ndogo, sehemu ya kuchomeka flashi na rimoti. Kiungo kimoja kimemeza jina la mwili mzima. Ila kabla ya hapo kulikuwa na zama za risiva za hom thieta zilizotumika, na hizo ndizo zilizowatoa jasho wenye vibanda umiza.

Turudi nyuma kidogo. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, Marekani 1997. Zilikuja na sauti ya 5.1: njia tano za kawaida, halafu hiyo "nukta moja" ni njia ya peke yake ya mishindo mizito, mwisho wake 120 Hz. Bomu likilipuka, helikopta ikishuka, uzito wote unatupwa huko. Risiva za enzi zile zilitengenezwa kwa ajili ya sebule ya mtu mwenye diski orijino na umeme usiokatika.

Kusini stori ilikuwa nyingine. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, mizigo ya Kariakoo ikaanza kushuka kirahisi. Mwaka uliofuata gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa hicho hicho, ikaanza kuzalisha umeme Dar wakati vijiji vingi vya pwani yake viko gizani (inauma, ndiyo). Kwa hiyo kibanda kilikuwa na jenereta nje, TV ndani, mabenchi, na VCD za movie zilizotafsiriwa.

Hapo kwenye VCD ndipo palipo na mchezo. VCD haibebi zaidi ya njia mbili, kushoto na kulia. Movie ikishatafsiriwa na kuchomwa humo, ile nukta moja haipo tena. Lakini risiva haijui hilo.

Sasa chukua mwenye kibanda aliyejipinda akanunua risiva iliyotumika na sabufa yake. Menyu inamuuliza swali moja: spika zako ni kubwa au ndogo, LARGE au SMALL? Jamaa ana spika ndefu kama kabati, anajibu LARGE kwa fahari kabisa. Kuanzia hapo risiva inaamini spika hizo zinajitosheleza kwa besi, na sabufa inaachiwa nukta moja peke yake. Nukta moja ambayo haipo. Ukimya mtupu, na kibanda cha jirani kinatingisha bati, wateja wanahama mmoja mmoja.

"Mzee fundi, sabufa imekufa."

"Haijafa, mwanangu. Haijapelekewa kitu."

Fundi aliyeijua kazi hakugusa hata bisibisi. Aliingia kwenye menyu, akaweka SMALL, hata kama spika ni ndefu kuliko yeye. Hapo kila kilicho chini ya mstari fulani kinanyofolewa kwenye spika na kupelekwa kwa sabufa, iwe movie, mpira au taarabu. Mstari huo ndio krosova. THX waliuweka 80 Hz, kwa sababu chini ya hapo sikio linashindwa kujua sauti inatokea upande gani. Risiva nyingi za zamani hazikukupa uchaguzi: namba moja imefungwa kiwandani, mara 80, mara 100, basi.

Mtego wa pili ulikuwa nyuma ya sabufa yenyewe, kile kitufe cha kuzungusha. Nacho ni krosova. Ukikirudisha chini, besi inachujwa mara mbili na katikati linabaki shimo. Dawa ni kukizungusha hadi mwisho, uiachie risiva kazi. Mteja mwenye papara aliishia kulipia koili mpya kwa kosa la kitufe.

Na hata ukipanga vyote sawa, banda la makuti halishiki besi kama chumba cha tofali, inapita tu na kwenda zake. Watu wa pwani walilijua hili zamani sana kupitia ngoma za unyago: ukiwa kijiji cha pili unasikia mdundo, maneno ya wimbo hayafiki.

Kisha zikaja sabufa za Kichina, na swali la menyu likafutwa. Krosova iko ndani, umefungiwa nayo. Bei ikashuka, kila geto likapata besi, na fundi wa menyu akabaki na kazi ya kubadilisha fyuzi. Ila spika zake ni ndogo mno kubeba hata sauti nzito ya mwanaume, ambayo huanzia karibu 85 Hz, kwa hiyo mstari umepandishwa juu, mpaka pale sikio linapoanza kugundua upande. Ndiyo maana ukiangalia movie iliyotafsiriwa kwa sabufa, picha iko ukutani na mtafsiri anaongea kutoka uvunguni mwa meza.