Nani Anahesabu Urefu? Historia ya shida moja ndani ya Wi-Fi

Wasee, kila ruta ya Wi-Fi hujitangaza hewani karibu mara 10 kwa sekunde: jina langu ni hili, naweza hiki na kile. Simu yako inasikiza hata kama hujaunganisha. Na matangazo hayo hayana saizi moja; kuna jina la herufi 3, kuna la 20. Kwa hivyo kila kipande huanza na baiti moja ya aina, baiti moja ya urefu, ndio data ifuate, isipite baiti 255.

Poa. Shida iko kwa anayepokea. Draiva za Wi-Fi kwenye Linux (Android nayo imekaa juu ya Linux) zimeandikwa kwa C, lugha ya Dennis Ritchie wa Bell Labs, miaka ya 1970. Kwa C, safu ya data haikumbuki urefu wake. Ni wewe unayeandika programu ukumbuke. Watu walikuwa wanatangaza safu ya kitu 1, halafu wanamwaga hapo vitu 50. Mwaka wa 1999 ujanja huo ukahalalishwa rasmi: mabano matupu, bila namba. Kwangu hiyo ni kama kuondoa namba ya abiria kwa mlango wa mat halafu kumwambia konda ajihesabie.

Njoo 2022. Sönke Huster, mtafiti wa TU Darmstadt, Ujerumani, akagundua Linux inachukua urefu uliotangazwa, inaongeza 2, inaweka jibu ndani ya baiti moja. Baiti huishia 255. Sasa 254 na 2 ni 256, haitoshei, inarudi 0. Hesabu ya darasa la pili! Kutoka hapo Linux ilinakili baiti 256 zaidi ya nafasi iliyotengwa, ikiandika juu ya memori isiyo yake. Mtu aliye karibu akituma tangazo bandia hahitaji nenosiri lako, wala hahitaji ubonyeze kitu. Kosa lilikuwa humo tangu 2019. Dawa ilikuwa kubadilisha tu aina ya namba.

Tangu 2023, kina Kees Cook na Gustavo Silva wanabandika kwenye safu hizi alama inayoitwa __counted_by, inayosema urefu umeandikwa wapi, ili mashine yenyewe ikague. Wanaenda draiva moja baada ya nyingine. Lakini ile simu ya mtumba ambayo kampuni iliacha kuitumia masasisho haioni kazi hiyo yote, na bado inasikiza kila ruta unayopita.