Kitabu cha Kununua na Kitabu cha Kuazimwa

Mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ya Indianapolis, nchini Marekani, ilichapisha riwaya ya Hallie Erminie Rives iitwayo The Castaway. Riwaya yenyewe hatuna haja nayo hapa. Kilichoipa nafasi katika historia ni maneno machache yaliyochapwa chini ya tangazo la hakimiliki: kwamba bei yake ya rejareja ni dola moja, na atakayeiuza kwa chini ya hapo atahesabiwa kuwa ameivunja hakimiliki hiyo. Duka la Macy's la New York, lililokuwa mikononi mwa ndugu wawili, Isidor na Nathan Straus, likaiuza kwa senti 89. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Juni 1908 majaji wakatamka kwamba haki ya kuuza aliyo nayo mwenye hakimiliki ni ya mara ya kwanza tu. Akishaiuza nakala na kupokea thamani yake, nakala hiyo imemtoka. Hawezi kumwandama mnunuzi hadi barazani kwake kumwamuru aiuze kwa kiasi gani. Isidor Straus alikufa maji na Titanic miaka minne baadaye. Hukumu aliyoipata ingali hai, na ndiyo inayompa Mmarekani uhuru wa kukiazimisha, kukiuza au kukirithisha kitabu alichokinunua.

Kwetu pwani uhuru huo haukungoja mahakama. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yangelipotea lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya na W. E. Taylor kuyaandika, William Hichens ndiye aliyeyatoa kitabuni, Johannesburg, mwaka 1940. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulitungwa kwa ajili ya binti mmoja, ukaenea kwa mikono ya wanakili. Miswada ilikaa masandukuni, ikatolewa, ikaazimwa, ikarudishwa au isirudishwe. Ndivyo fasihi yetu ilivyotufikia.

Hapa ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kumiliki nakala ni jambo moja, na kuzalisha nakala ni jambo jingine. Majaji wa 1908 hawakumruhusu mtu kuchapa upya riwaya ya mwenziwe. Napster ilipozuka mwaka 1999, na mamilioni ya watu wakawa wanagawana nyimbo bila kulipa, wenye kampuni za muziki walishitaki na wakashinda. Mwaka 2001 huduma ile ikafungwa. Mimi sioni kwamba walidhulumu. Mtunzi naye ana tumbo, na anayeishi kwa kalamu hawezi kushangilia kazi yake ikigawiwa bure na asiyeulizwa. Tatizo ni kwamba kinga iliyotafutwa dhidi ya mwizi ilimfunga pia mnunuzi mwaminifu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliharamisha kuvunja kufuli la kielektroniki, na kwa jumla haikujali kwamba kilichomo ndani ya kufuli umekilipia. Fauka ya hayo, wauzaji waliacha kuuza. Waliendelea kuandika neno «nunua», ilhali mkataba mrefu usiosomwa na mtu ulisema kuwa mteja amepewa leseni.

Maana ya leseni ilidhihirika Julai 2009. Wateja wa Amazon waliofungua Kindle zao walikuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, havimo tena. Aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo nchini Marekani. Amazon ilipojua, ilivifuta kwa mbali katika vyombo vya wateja na kuwarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika maelezo yake ya masomo juu ya 1984 alibaki na maelezo yasiyokuwa na matini ya kuyaegemea. Jeff Bezos aliomba radhi, akakiita kitendo hicho cha kipumbavu. Lakini tukumbuke kwamba lililofanyika liliwezekana. Msomaji wetu mwenye Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967, hata ikiwa imetafunwa na mchwa, hakuna mchapishaji awezaye kuingia kwake usiku na kuichukua.

Wapo waliojaribu kuirejesha hukumu ya 1908. Kampuni ya ReDigi ilifungua soko la nyimbo za kidijitali zilizokwisha kutumika: aliyeuza alifutiwa nakala yake, aliyenunua akapata yake. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilikataa, na Desemba 2018 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: faili halisafiri kama kitabu kisafirivyo, likifika kwingine ni nakala mpya, na haki ya kunakili ni ya mwenyewe. Kisheria yamkini walisema kweli. Kwa msomaji, maana yake ni kwamba mali hii haiwezi kuuzwa tena.

Tena kitabu hiki humsoma anayekisoma. Tangu Julai 2015 Amazon huwalipa waandishi walio katika huduma yake ya Kindle Unlimited kwa idadi ya kurasa zilizosomwa, na kurasa hazihesabiki bila kuangaliwa. Muswada wa sandukuni haukumwambia mtu kwamba mwanamke fulani aliurudia ubeti mmoja mara kumi.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na kuanzia Julai vitabu vyote vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, na aliyekuwa ameandika pambizoni akaongezewa dola 25, kuwa ndiyo thamani ya fikra zake. Huko California, tangu 1 Januari 2025, muuzaji haruhusiwi kutumia neno «nunua» kwa kitu cha namna hii bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Tarehe 26 Februari mwaka huohuo, Amazon iliondoa njia iliyomwezesha mnunuzi kupakua kitabu chake katika kompyuta na kukihamishia kwenye Kindle kwa waya. Katika njia zote walizokuwa nazo wateja wake, hiyo ndiyo iliyofanana zaidi na sanduku.