Kutoa Chipu katika Bodi Kuukuu za Saketi Nyumbani
Mafundi na wanafunzi wa elektroniki, Mzumbe mkoani Morogoro kama kwingineko nchini, hutoa chipu katika bodi kuukuu ili zitumike tena. Lehemu ya kawaida yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi huhitaji takriban 217. Hewa ya moto huelekezwa kuzunguka chipu, nayo hunyanyuliwa kwa kibanio baada ya lehemu ya miguu yote kuyeyuka. Ikivutwa mapema, njia za shaba hung'oka.

Wapo wanaoweka bodi juu ya jiko la mkaa, tena lile lile la kupikia. Njia hiyo haifai: plastiki huungua na kutoa moshi wa sumu. Risasi nayo huingia mwilini hasa kupitia mikono na vumbi, na watoto ndio huathirika zaidi.

Mabaki ya bodi ni taka zinazodhibitiwa na Kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Hayapaswi kutupwa mtoni. Mto Ngerengere, unaotoka Milima ya Uluguru, huingia Bwawa la Mindu, chanzo cha maji cha Manispaa ya Morogoro.